UZI: Haki za mwanamke katika katiba ya nchi yenye Waislamu wengi. Tuitazame Tunisia kabla hatujaandika yetu

BintiHaubi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila uzi wa Katiba Mpya unapogusa wanawake na Uislamu, watu wanagawanyika papo hapo. Kuna wanaosema dini iwekwe kando kabisa ndipo mwanamke apate haki. Kuna wanaosema mwanamke wa Kiislamu alishapewa haki zake zamani, katiba haina cha kumwongezea. Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Kondoa, nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Dodoma, na naona pande zote mbili zinaliruka swali ambalo wanawake wanakuja nalo kwangu. Ibara ikishaandikwa, huyu mama ataidai wapi? Kwa sheria gani iliyo chini yake? Na nani ana ruhusa ya kwenda kuidai?

Nachukua Tunisia kwa sababu ndiyo nchi ya Waislamu wengi iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili ndani ya ulimwengu wa Kiarabu, na kwa sababu imetuonyesha pia mahali pa kupotezea.

Watunisia walianza na sheria ya familia, katiba ikaja baadaye. Tarehe 13 Agosti 1956, miezi michache tu baada ya uhuru, serikali ya Habib Bourguiba ilitoa sheria iliyopiga marufuku ndoa ya wake wengi, ikaiondoa talaka mdomoni mwa mume na kuipeleka mahakamani, na ikampa mke haki ya kuidai sawa na mumewe. Sheria hiyo ilishuka kutoka juu. Mwanamke wa kawaida hakuulizwa.

Mwaka 2011, baada ya Rais Ben Ali kuikimbia nchi, mambo yakawa tofauti. Walichagua Bunge la Katiba la wajumbe 217, na chama kilichopata viti vingi kuliko vingine vyote kilikuwa Ennahda, chama cha Kiislamu, viti 89. Sheria ya uchaguzi iliamuru kila orodha ya wagombea ipange wanaume na wanawake kwa kupishana. Kwa hiyo wanawake zaidi ya 40 waliingia, na wengi wao wakatoka Ennahda hiyohiyo. Makamu Mwenyekiti wa Bunge hilo alikuwa Meherzia Labidi, mama wa Ennahda, amevaa hijabu yake.

Mwaka 2012 rasimu moja ilikuja na kifungu kinachomtaja mwanamke kuwa mkamilishaji wa mwanamume ndani ya familia. Wanawake waliingia barabarani jijini Tunis tarehe 13 Agosti, siku ileile ya sheria ya 1956. Kifungu kikaondolewa. Katiba ilipopitishwa Januari 2014, kwa kura 200 dhidi ya 12, ibara ya 21 ilisema raia wanaume na wanawake ni sawa mbele ya sheria bila ubaguzi, na ibara ya 46 ikaibana dola ilinde haki ambazo wanawake walikwishazipata, ipiganie usawa wa idadi katika mabaraza ya kuchaguliwa na ichukue hatua kukomesha ukatili dhidi yao. Ibara ya kwanza ilibaki ikisema dini ya nchi ni Uislamu. Ibara ya 74 ikasema mpigakura yeyote, mwanamume au mwanamke, anaweza kugombea urais, ilimradi ni Muislamu. Mnaweza kuibishia hiyo ya 74 mpendavyo (mimi mwenyewe sharti la dini silipendi), ila tazameni kwamba Uislamu na usawa wa mwanamke vimekaa kwenye sentensi moja na paa halikuanguka.

Sasa yaliyofuata, na hapa ndipo naomba mnisikilize.

Julai 2017 Bunge lao lilipitisha Sheria Na. 58 dhidi ya ukatili kwa wanawake. Sheria hiyo ilifuta kifungu kilichomwezesha mwanamume aliyefanya ngono na msichana mdogo kukwepa adhabu kwa kumuoa. Septemba mwaka huohuo ukafutwa waraka wa 1973 uliokataza kusajili ndoa ya mwanamke Muislamu na mwanamume asiye Muislamu. Fikirini: waraka tu. Siyo sheria, siyo ibara. Katiba ya usawa ilikuwa imeshapita tangu 2014, lakini kwa miaka mitatu zaidi karani wa masjala alikuwa na nguvu kuliko ibara ya 21, kwa sababu karani anafuata waraka ulio mezani kwake. Na sisi tusiwacheke. Wasichana wetu waliopata mimba walikaa nje ya shule miaka na miaka huku Katiba ikitaja haki ya kujielimisha, na kilichowarudisha Novemba 2021 kilikuwa waraka.

Kisha Watunisia wakapoteza. Katiba ya 2014 iliamuru iundwe Mahakama ya Katiba. Wanasiasa wakavutana juu ya majina ya majaji mwaka hadi mwaka, mahakama haikuundwa. Ilipofika tarehe 25 Julai 2021 Rais Kais Saied akalisimamisha Bunge, hapakuwa na chombo cha kumwambia ndiyo au hapana. Mwaka uliofuata ikapigwa kura ya katiba nyingine. Ibara ya haki za wanawake waliiacha, imo humo mpaka leo. Ila sheria ya uchaguzi ikabadilishwa kwa amri ya Rais, orodha zile za kupishana zikafutwa, kila mgombea akasimama peke yake. Nchi ambayo mwaka 2018 wanawake walichukua asilimia 47 ya viti vya halmashauri, na Souad Abderrahim akawa meya wa kwanza mwanamke wa Tunis, ikapata Bunge ambalo wanawake hawakufika hata asilimia 20. Ibara ilibaki, viti vikaondoka.

Ndiyo maana nikiulizwa kama napigania "ibara ya wanawake" kwenye Katiba Mpya, nasema napigania vitu ibara hiyo inavyoegemea. Sisi viti maalumu visivyopungua asilimia 30 vimeandikwa ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya 66, kwa hiyo Rais hawezi kuamka asubuhi akavifuta kwa amri. Hapo tuko imara kuliko Tunisia, na wengi humu hawalioni.

Lakini usawa wa mahakamani ni jambo jingine. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na jinsia iliingizwa humo mwaka 2000. Chini ya ibara hiyohiyo Sheria ya Ndoa ya 1971 iliendelea kuruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 huku mvulana akiwekewa 18, na mahakama ikiweza kutoa kibali hata cha 14. Ilibidi mwanaharakati Rebeca Gyumi aende Mahakama Kuu mwaka 2016, ashinde, Serikali ikate rufaa, na Mahakama ya Rufani imthibitishie ushindi Oktoba 2019 ndipo vifungu vya 13 na 17 vitamkwe kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita bila marekebisho.

Niwape kisa kimoja ili tusiongee angani. Mama mmoja, mjane, alikuja na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na cheti cha kifo cha mumewe na muhtasari wa kikao cha ukoo, umeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari, una madole gumba ya wanaume tisa. Mashamba ya alizeti na mbaazi yote yamegawiwa kaka za marehemu. Jina lake limo mstari wa mwisho kabisa: "mjane ataendelea kuishi katika nyumba kwa hisani ya ukoo." Yule mama hakuwa amekuja kudai nusu. Alikuwa anauliza kama ni kweli kwamba mjane harithi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo alimuuliza maswali mepesi tu: ndoa ilifungwa na nani, marehemu aliswali wapi, alizikwaje. Ndoa ya shehe, msikiti wa kijijini, sanda na kisomo. Kwa hiyo mirathi itafuata sheria ya Kiislamu, na mke mwenye watoto anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Mashemeji, Waislamu wa swala tano, walisimama kupinga. Hoja yao? "Kwa mila zetu mjane harithi."

Thumuni ile ilipatikana. Lakini nimebaki na swali, na ndilo nawaletea: kwa mwanamke kama huyu, katiba ifanye nini? Naomba michango yenye hoja.

Ustadhi_Changombe

Assalaam alaykum dada. Umeandika kwa adabu, nami nitajibu kwa adabu.

Kwanza, Tunisia usituletee kama kioo. Bourguiba uliyemtaja ndiye aliyewaambia Waislamu mwaka 1960 waache kufunga Ramadhani ili nchi izalishe. Ndiye aliyeivunja nguvu Zaituni, chuo kilichosomesha maulamaa karne na karne. Na mwaka 1981 ukatoka waraka namba 108 unaokataza hijabu shuleni na maofisini. Mabinti walifukuzwa masomoni kwa sababu ya kitambaa. Hao hawakuwa wanawake? Haki zao zilikuwa kwenye ibara gani? Mnapoisifia 1956 mnamsahau msichana aliyerudishwa getini.

Pili, mirathi. Surat An-Nisaa aya ya 11 na ya 12 zimetaja mafungu kwa hesabu. Binti anapata nusu ya mwanamume na mwanamume amebebeshwa matunzo. Mwaka 2018 Rais Essebsi alitaka mirathi iwe sawa kwa sawa na Watunisia wengi wakaipinga, haikupita Bungeni. Katiba ya wanadamu haiwezi kufuta aya.

Tatu, kilio chetu cha Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara mnakijua. Bunge Maalum lilikaa hapahapa Dodoma 2014, jambo likajadiliwa mpaka watu wakavunjiana heshima, na haikuingia kwenye Katiba Inayopendekezwa. Mngekuwa na kadhi, yule mjane wako asingezungushwa.

BintiHaubi

Wa alaykum salaam, Ustadhi wangu. Nashukuru umelileta la hijabu, kwa sababu ni sehemu ya hoja yangu. Dola iliyoweza kumvua binti kitambaa kwa waraka ndiyo dola hiyohiyo iliyomkataza dada yake kusajili ndoa kwa waraka. Mwanamke hana usalama pale haki zake zinapokaa mfukoni mwa mtawala, hata kama leo mtawala anampenda. Ndiyo maana naithamini 2014 kuliko 1956. Mwaka 2014 mama mwenye hijabu na mama asiyevaa walikaa Bunge moja, wakagombana, wakaandika. Mwezi uliofuata tu, Februari 2014, Bunge Maalum lilianza kukaa hapa kwetu na Makamu Mwenyekiti alikuwa Samia Suluhu Hassan. Bunge mbili za katiba ndani ya mwaka mmoja, na kila moja lina mwanamke Muislamu kwenye kiti cha umakamu. Wao walifika kwenye katiba. Sisi kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na hatujaipiga.

Kuhusu mirathi, sikuomba aya ifutwe. Nimekueleza habari ya mwanamke ambaye aya ya 12 imempa thumuni, na Waislamu wenzake wakaja mahakamani kuikana kwa jina la mila. Katika mafaili ninayoyashika, mjane wa Kiislamu wa huku kwetu hanyang'anywi na Qurani. Ananyang'anywa na kikao cha ukoo, na wanaokaa kikao hicho wanaswali nyuma yako. Ustadhi, umewahi kusimama kwenye mimbari Ijumaa ukasema thumuni ya mjane ni haramu kuila? Nauliza kwa moyo mweupe, kwa sababu neno lako lingewafikia kabla hawajafika kwangu.

Mtu_wa_Unguja

Nipo Mtumba kikazi, kwetu Unguja. Nimesoma hili la kadhi nikaona nichangie maana sisi tunaye.

Kadhi anasaidia, nisiseme uongo. Mama yangu mdogo alidai matunzo ya watoto kwake, hakuhitaji wakili, aliongea lugha yake na alisikilizwa. Tuna Sheria ya Mahakama ya Kadhi Na. 9 ya 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Lakini msidhani kadhi peke yake ndiye dawa. Talaka za mdomo zinaendelea mitaani, mwanamke anaambiwa "umeachika" mbele ya jirani, anakusanya nguo anarudi kwao. Wengi hawafiki kwa kadhi kabisa, au wanafika edda (muda wa kungoja baada ya talaka) imeshakwisha na mume ana mke mpya ndani.

Jambo jingine ambalo watu wa Bara hawalijui: katika Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 99, Mahakama ya Rufani ya Tanzania haina mamlaka juu ya mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi. Yanaishia Mahakama Kuu ya Zanzibar. Kwa hiyo hukumu kama ile ya Rebeca Gyumi, kwetu kwenye mambo ya kadhi hatuna njia ya kuifikia. Wanaotaka kadhi Bara waulizane kwanza: mwanamke asiporidhika, rufaa yake inaishia wapi?

MwanaSheria_UDOM

Kaka wa Unguja kagusa penyewe. Naongezea Kenya. Katiba yao ya 2010 ina Mahakama ya Kadhi ibara ya 170 na ina usawa ibara ya 27. Lakini ibara ya 24(4) inasema masharti ya usawa yatalegezwa kwa kiasi kinacholazimu ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya kadhi kwa Waislamu, katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Sasa tazama: ndoa, talaka, mirathi. Ndiyo maisha yote ya mama wa nyumbani hayo. Usawa umeandikwa ukurasa mmoja na kulegezwa ukurasa wa jirani, na wanaojua ni wanasheria.

Misri walipita njia nyingine. Katiba yao inasema kanuni za Sharia ndizo chanzo kikuu cha sheria. Ungedhani mwanamke kwisha habari yake. Kumbe Mahakama Kuu ya Katiba ya Misri imekuwa ikitofautisha hukumu za dini zilizo wazi kabisa na zile za ijitihadi (zinazotokana na fikra za wanazuoni), ikisema za ijitihadi mbunge anaweza kuchagua kwa maslahi ya watu. Sheria Na. 1 ya 2000 ilipompa mke haki ya khului, arudishe mahari ajivue kwenye ndoa hata mume akikataa, ilipelekwa mahakamani kuwa inapingana na Sharia. Mwaka 2002 mahakama ikasema haipingani. Majaji walifika huko kwa kusoma fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu), hawakuhitaji kuikataa.

Kwa hiyo Dada BintiHaubi, nakubaliana nawe nusu. Mahakama ni muhimu, ila hata anayeruhusiwa kufungua shauri ni muhimu. Mwaka 2020 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ikamtaka mlalamikaji aape kwamba yeye binafsi ameathirika. Rebeca Gyumi hakuwa binti wa miaka 15 aliyeozwa. Alikwenda kwa niaba ya mabinti. Kwa kipimo cha 2020, ungemtaka binti wa miaka 15, aliyeshaolewa, atoke kijijini kwao aje kumshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

BintiHaubi

Mwanangu wa UDOM, andika hiyo aya ya mwisho uibandike kwenye kila uzi wa Katiba Mpya. Kuna mtu aliniambia tusubiri wanawake wenyewe waende mahakamani. Nauli tu ya kutoka Haubi mpaka Kondoa mjini wengine hawana.

Mkulima_Kibaigwa

Mnajichosha. Katiba mpya haiji leo wala kesho. Na wanaume tunaonyang'anywa nyumba na wake zetu wakati wa talaka mbona hamtuandikii uzi?

Mama_Zabibu

Mkuu wa Kibaigwa, ungesoma uzi kwanza. Aliyenyang'anywa hapa ni mjane.

Mimi ni Mkristo, Mgogo wa Mpunguzi, na naona mnalifanya hili kuwa la Waislamu tu. Huyo mjane wa Kondoa alikuwa na bahati kwamba mumewe aliishi Kiislamu. Mimi nisiye Muislamu, wakiniletea sheria za mila zilizoandikwa 1963, mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Nategemea watoto wangu wanitunze. Thumuni ile ningeipokea kwa mikono miwili!

Nilisoma kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory ya mwaka 1990. Bibi wa Kihaya kauza shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu wa ukoo wakasema mwanamke haruhusiwi kuuza. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mila hiyo inapingana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Tangu 1990! Na mpaka leo ukoo unakaa na daftari na madole gumba kama vile hukumu hiyo haikutoka.

Ustadhi_Changombe

Dada BintiHaubi, umeniuliza swali na sitalikwepa. Hapana, sijawahi kulitolea khutba hilo la thumuni. Nimetoa khutba za mirathi kwa jumla, za kuwahimiza watu wagawe kwa sheria, lakini kusema kwa jina kwamba kaka wa marehemu anayekula fungu la mjane anakula moto, sijasema. Nitalisema, inshaallah.

Ila sikubali unapoelekea. Ukishaweka usawa juu ya kila kitu, kesho atatokea mtu aseme thumuni yenyewe ni ubaguzi kwa sababu mume akifiwa na mke mwenye watoto anapata robo. Utamjibu nini?

BintiHaubi

Jazakallah khair, Ustadhi. Hilo la khutba lina uzito kuliko vipeperushi vyangu vyote.

Nijibu la robo na thumuni bila kujificha. Mimi naiona katiba kama sakafu ya nyumba. Mtu yeyote asishuke chini yake, na mwenye kutaka kujengewa kwa imani yake ajengewe juu yake. Kwangu sakafu ina vitu viwili. Cha kwanza, mwanamke mzima, Muislamu au asiye Muislamu, awe na haki ya kuchagua kwa hiari yake sheria itakayohukumu ndoa na mirathi yake, asipangiwe na kikao cha shemeji. Anayetaka thumuni kwa sababu ndiyo dini yake, apewe na ilindwe. Mimi binafsi nikifa nataka nigawiwe Kiislamu. Lakini hiari iwe ya kweli. Cha pili, mahakama yoyote itakayoamua, iwe ya kadhi au ya mwanzo, iwe na rufaa inayofika hadi mahakama inayosoma ibara ya 13. Tunisia walikuwa na ibara bila mahakama, na kaka wa Unguja ametuambia kwao kadhi yupo ila rufaa inaishia katikati. Katiba yetu ijayo isirudie hata kosa moja kati ya hayo.

Ulishasema mwanamume amebebeshwa matunzo. Basi sheria imfunge nayo kweli. Hapa Dodoma naona wanaume wanaochukua mafungu mawili ya baba yao na hawatunzi hata dada mmoja. Fungu wamelichukua kwa aya, wajibu wameuacha njiani.

Na yule mkuu wa Kibaigwa nisimwache. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ndoa ya Kiislamu hiyo, ilisema kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kulea, kufua, kutunza nyumba mume akiwa kazini. Lakini mahakama hiyohiyo iliangalia pia kwamba Bi Hawa alipewa fedha za mradi wa familia akazitapanya, ikaona mchango wake umeliwa na hasara hiyo, akaondoka bila fungu. Kwa hiyo, kaka, mizani hupimwa pande zote mbili. Ukiwa na ushahidi wako peleka.

Sikujua_Singida

Naomba kuuliza, samahani kama natoka nje ya mada. Dada yangu aliolewa na shehe kijijini, hakuna cheti chochote. Mume amefariki mwezi huu, wana watoto watatu. Mashemeji wanasema bila cheti hakuna ndoa, hana lake. Afanyeje?

BintiHaubi

Pole sana ndugu yangu, na hujatoka nje ya mada hata kidogo.

Ndoa kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi. Ndoa ya Kiislamu inathibitishwa kwa watu: shehe aliyefungisha, walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, majirani waliokula walima. Na Sheria ya Ndoa kifungu cha 160 inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikiwajua kuwa ni mke na mume, mahakama itachukulia wameoana mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Afanye haraka haya. Amtafute shehe na mashahidi, waandike maelezo yao na kusaini sasa, wakiwa hai na wanakumbuka. Akachukue cheti cha kifo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyenye jina la baba, avifiche mahali ambapo shemeji hafiki.

Kisha aende mahakama ya mwanzo ya eneo lile aulize kama kuna mtu ameshafungua mirathi. Shauri likifunguliwa hutolewa tangazo lenye muda wake, na ndani ya muda huo ana haki ya kuweka pingamizi kwamba mke ameachwa nje. Wasije wakamharakisha kusaini muhtasari wa kikao cha ukoo asiousoma. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake mwenyewe, siyo na shemeji. Msaidizi wa kisheria wa wilaya hamtozi kitu. Nitumie ujumbe wa faragha na jina la wilaya, nikuunganishe na aliye karibu.